Mkono Uliokifungua Kisima cha Kumi na Nne

2 Septemba
Upepo umeanza. Mwaka jana ulianza siku hizi hizi, na mwaka jana mume wangu alikuwa na mikono miwili.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitamwambia mtu, na nikimwambia mtu nitaharibu. Ninachotaka ni kimoja tu. Injinia Bressan aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ni yeye aliyekifungua kisima cha kumi na nne, si mume wangu Ciro.

Kila kisima kina kibano kichwani. Ukikibana, mafuta hutoka kwa adabu. Ukikiachia, hutoka kwa kishindo, takwimu za siku hupanda, wakubwa hupeana mikono, na mchanga uliosukumwa chini kupasulia mwamba hurudi juu pamoja na mafuta. Mchanga huo hula chuma kimyakimya. Novemba iliyopita Bressan alikizungusha kibano cha kisima cha kumi na nne kutoka alama ya sita hadi ya kumi na mbili, Ciro akimsihi. Walikuwa wawili tu pale, wao na upepo. Siku ya tisa kiwiko cha bomba kilipasuka, na Ciro alikuwa amekishika.

Ripoti ya kampuni inasema Ciro alikifungua kwa kiherehere chake, na kwamba injinia siku ile hakuwepo. Kwa ripoti hiyo bima imekataa kulipia mkono wa bandia, na hapa mjini Añelo hakuna kampuni itakayompa hata ufagio. Wanamwita "yule aliyepasua bomba". Pehuén wetu alizaliwa Februari. Sitaki aje kuitwa mtoto wa yule aliyepasua bomba.

Sasa mimi ndiye ninayezunguka visimani kupima kila kimoja kimetoa nini. Kazi ileile ya Ciro. Alinipa Bressan mwenyewe, mbele ya watu, mkono begani kwangu: "Binti, sisi hatuwatupi watu wetu." Nikamwambia asante. Asante ile imenikwama kooni mpaka leo kama mwiba wa samaki.

4 Septemba
Upepo. Pehuén anaota jino. Sijalala.

7 Septemba
Ciro amejifunza kumfunga mtoto nepi kwa mkono mmoja na meno. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka kwa mbuzi wake kuja kututazama, alisimama mlangoni akicheka.

"Mwanamume na nepi mdomoni! Marehemu baba yako angekuona."

"Angenishikia upande mmoja, mama."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Kila jioni nikiingia, kabla hata sijavua buti, Ciro huniuliza: "Kumi na nne hajambo?" Kama anaulizia mtoto aliyelala kwa shangazi yake. Kisima kilichomla mkono! Simjibu. Napita kwenda kunawa vumbi. Nampenda, lakini kuna siku namwona kama mtu aliyepigwa kofi kisha akaomba radhi.

12 Septemba
Visima vya mwamba huu mweusi vina tabia moja: mwaka wa kwanza ni fahali, wa pili ni mbuzi. Nimevipitia vyote leo, na vyote vya rika la kumi na nne vimeshaanza kulia meee. Chenyewe bado. Tangu walipokitengeneza wamekibana kwenye sita, na kinatoa leo karibu sawa na kilivyotoa kabla ya baridi. Presha imesimama palepale.

Nilikitemea mate. Upepo ukanirudishia.

16 Septemba
Evaristo Cayún, mchomeleaji vyuma, rafiki wa Ciro tangu utotoni, alinisimamisha barabarani. Magari ya mchanga yalikuwa yamefungana mpaka mtoni, kwa hiyo tulikuwa na muda.

"Shemeji, umeiona orodha ya mwezi?"

"Ya nini?"

"Ya visima, ya nini tena? Kumi na nne ni cha pili. Bonde zima! Kilicho mbele ni kile cha ng'ambo ya barabara tu, kile wanachokiita Malkia. Chetu kinatimiza mwaka Novemba. Kikishika nafasi ya kwanza itabidi nikate bamba."

Hapa tuna desturi ambayo hakuna mkubwa aliyeianzisha. Kisima kikimaliza mwaka wake wa kwanza kikiwa kimevishinda vyote vya bonde, huchomwa mbuzi pale pale kwenye uwanja wa kisima, na Evaristo hukata bamba la chuma akalichomelea jina la mtu aliyekifungua. Bamba hufungwa kwenye uzio. Jina ni la mkono, si la cheo. Mtu huyo huitwa baba wa ubatizo wa kisima, na wakubwa wakija kutoka Buenos Aires humketisha kando yao. Bressan anayo mabamba mawili. Hajawahi kuyapita bila kupunguza mwendo wa gari.

"Sasa nambie," Evaristo akasema, "bamba la kumi na nne nitaliandika jina la nani? Karatasi yao wenyewe inasema aliyefungua ni Ciro!"

Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Halafu nikiwa njiani, peke yangu kwenye gari, kicheko kikakatika. Nikaegesha pembeni nikakaa.

Jioni Ciro akauliza: "Kumi na nne hajambo?"

"Hajambo," nikamjibu. "Amekula vizuri."

Aliniangalia.

21 Septemba
Nimesafisha mtego wa mchanga wa kumi na nne ingawa zamu haikuwa yangu. Nimekaza nati. Nimesikiliza mabomba kwa sikio kama ninavyosikiliza kifua cha Pehuén. Anayeniona atadhani nakipenda. Mtu anayenenepesha mbuzi wa sikukuu naye hupapasa mgongo wake.

25 Septemba
Homa ya mtoto. Sikwenda kazini.

26 Septemba
Imeshuka. Nimekwenda.

3 Oktoba
Nimemfuata Quilodrán, mjumbe wetu wa chama cha wafanyakazi. Alikuwa anakunywa mate, ile chai chungu ya kwetu inayofyonzwa kwa mrija, kwa raha zake, miguu juu ya kiti.

"Kesi ya mume wako naijua, shemeji. Nina nini mkononi? Neno la Ciro, na juu yake karatasi yenye muhuri."

"Ciro hasemi uongo."

"Hata mimi sisemi kwamba anasema uongo. Nasema niletee mdomo wa Bressan. Bila huo utanichosha na utajichosha."

Akanipa mate. Nikakataa. Kwetu kukataa mate ni tusi, na nilitaka alielewe. Nimeandika jina lake hapa chini ya la Bressan, kwa watu ninaowadai.

9 Oktoba
Mbuzi wa mama mkwe wanazaa. Ametuma maziwa. Malkia bado yuko mbele. Nikisimama uwanjani kwetu naona mwenge wao wa gesi ng'ambo ya barabara, na kila siku unaonekana mkubwa zaidi. Wale wamekiachia kibano. Wanataka kushinda mapema.

14 Oktoba
Nitaandika polepole.

Upepo wa leo ulikuwa ule unaong'oa mabati. Vumbi jekundu, jua kama sarafu chafu. Nilikuwa kwenye kumi na nne, na Evaristo alikuwa chini ya mabomba akirekebisha nguzo, hatua chache kutoka kwenye kiwiko kipya. Redio ikalia.

"Kumi na nne, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Bressan.

"Nakusikia, injinia."

"Malkia anatuacha. Fungua hadi kumi."

"Injinia, tuko kwenye sita. Kumi italeta mchanga."

"Binti, sikukuuliza hali ya mchanga. Fungua hadi kumi."

Nikaweka mikono kwenye gurudumu la kibano. Hapa naandika ukweli, kwa maana daftari hili ni langu peke yangu. Nilitaka kufungua. Amri imesikika redioni, kila mwenye redio ameisikia. Nifungue, siku chache zipite, bomba lipasuke asubuhi moja pasipo mtu, na safari hii hakuna karatasi itakayomficha. Kisima chake kimemfia, jina lake limekwisha. Nililiona jambo hilo likiwa limekamilika, tamu, kama chakula kilichokwisha pakuliwa.

Evaristo akatoa kichwa chini ya mabomba. Alikuwa hajasikia kitu kwa sababu ya upepo. "Shemeji! Una chupa ya maji?"

Asubuhi pasipo mtu! Asubuhi gani hiyo? Kila asubuhi kuna mtu. Nikitoka mimi anaingia wa zamu nyingine, na huyo naye ana mama, ana mke. Chuma kikiisha hakiulizi nani ni Bressan.

Nikaondoa mikono. Nikabonyeza redio.

"Injinia, gurudumu liko hapa. Njoo ulizungushe mwenyewe, kama ulivyozoea."

Uwanja mzima ulikuwa umesikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama vile tuko wawili tu:

"Una mtoto wa kulisha, Maitén."

"Ndiyo maana, injinia."

Hakuja. Nilimpa Evaristo maji. Aliponiuliza mbona nimepauka, nikamwambia vumbi.

Lakini sasa najua Ciro alisimama wapi siku ile. Mimi niliambiwa kwa redio, nikaweza kukataa. Yeye alisogezwa kando kwa bega. Nilikuwa namdharau kidogo, Mungu anisamehe, kwa kutopigana. Ungepigana na nani, juu ya gurudumu linalozunguka?

15 Oktoba
Nimesimamishwa kazi.

16 Oktoba
Nimerudishwa. Quilodrán aliingia ofisini kwa Bressan na birika lake, akaketi, akaanza kunywa mate na kusimulia habari za ng'ombe wa babu yake. Mtu mmoja aliniambia alikaa mpaka chakula cha mchana, kila akiambiwa aondoke anasema, "Namalizia hii." Mwishowe Bressan akatia saini nirudi, ili tu apate kusikia ukimya.

Nilikwenda kumshukuru. Akanipa mate. Nikanywa.

24 Oktoba
Upepo. Jino la pili. Kumi na nne hajambo.

5 Novemba
Malkia ametapika mchanga! Wamemfunga, hatarudi mwaka huu. Hakuna aliyeumia, nimeuliza kwanza hilo, kisha ndipo nikacheka. Nilicheka garini peke yangu mpaka machozi, kicheko kibaya, si cha mtu niliyemjua.

Jioni Ciro akauliza. "Hajambo," nikasema, "sasa ndiye mkubwa wa nyumba."

19 Novemba
Mwaka umetimia. Sisi wa kwanza.

21 Novemba
Bressan ameingia karakana ya Evaristo. Evaristo amenisimulia jioni, akiigiza sauti zote mbili.

"Cayún, bamba la kumi na nne umelikata?"

"Nimelikata, injinia."

"Hebu nilione." Akaliona: CIRO HUENCHUL. Evaristo anasema uso wake ulibadilika rangi kama chuma motoni.

"Hili ni mzaha?"

"Desturi ni mkono uliofungua, injinia. Mimi sikuwepo. Ripoti ndiyo iliyonifundisha. Kama ripoti ina makosa, niambie nilifute sasa hivi."

Bressan akafungua mdomo. Akaufunga. Akaondoka.

Karibu! Karibu kabisa. Sikulala, na safari hii si mtoto.

22 Novemba
Mama mkwe ameleta mbuzi wa kuchomwa. Wiki ijayo anapanda milimani na kundi lake kwa malisho ya kiangazi, hakulazimika kuja. Nilimwambia ninachotaka mbuzi huyo afanye. Ni yeye tu niliyemwambia.

"Basi nimechagua vizuri," akasema. "Ni mnono. Mtu mwenye njaa huchunga ulimi. Na divai ipo?"

"Ipo, mama."

"Mimina wewe mwenyewe. Usiwaachie wanaume, watajimiminia wao."

23 Novemba
Limefanyika.

Walikuja wakubwa wanne kutoka Buenos Aires, na juu yao mkurugenzi, mwanamke mwenye mvi aitwaye Bibiana Roth. Meza ndefu kando ya uzio, maturubai yanapigapiga, mafuta ya mbuzi yanadondokea makaa. Ciro nilimvalisha shati jeupe, mkono mmoja wa shati umebanwa kwa pini. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile. Alimshika Pehuén kwa mkono wake mmoja, akamwonyesha kisima: "Huyo ndiye kumi na nne." Mimi nilishika mtungi wa divai, na glasi ya Bressan haikupata nafasi ya kukauka.

Evaristo akavuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Wanne watano wakainua simu kupiga picha, kama ilivyo kawaida. Mkurugenzi akamgeukia Ciro.

"Ni wewe uliyekifungua? Kisima bora cha bonde zima? Mbona sikuoni kwenye orodha ya wafanyakazi wetu?"

Vijana wote wakatazama changarawe. Nikaweka mtungi chini.

"Ni yeye, mama. Ripoti ya kampuni ndivyo isemavyo. Alikifungua kwa uamuzi wake, peke yake. Injinia hakuwepo."

"Ndiye mtu tunayemhitaji kuongoza uwanja huu," mama Roth akasema, kwa adabu tu, nadhani, ya mgeni anayesifu chakula. Lakini cheo hicho ndicho Bressan alichokuwa akikingoja tangu mwaka jana. Kila mtu alijua.

Bressan alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Samahani. Samahani, mkurugenzi, huu ni upuuzi. Huyu? Huyu alikuwa ananivuta koti! 'Injinia, polepole, injinia, mchanga.' Karibu alie! Ningemsikiliza huyu tungekuwa na kisima cha bibi kizee. Siku zile tisa za kwanza ndizo zilizokipa nafasi hiyo, na siku hizo nilizitoa mimi. Kutoka sita mpaka kumi na mbili. Nilikizungusha mimi!"

Nami nilifikiri imetosha, nimepata. Ndipo nikasikia sauti ya Ciro, ya upole, kama anaulizia njia.

"Kwa mikono yote miwili, injinia?"

"Kwa mikono yote miwili!" Bressan akasema, akaiinua juu ili kila mtu aione.

Ikakaa pale juu. Nilimwona ndipo akiyasikia aliyoyasema. Maneno yalimrudia moja moja, kama mate niliyoyatema kwenye ule upepo, na simu zilikuwa bado zimeinuliwa. Alikuwa hajui aishushe vipi mikono.

Ciro aliitazama.

"Mizuri," akasema. "Itunze."

Quilodrán akafuta mdomo, akanyanyuka mezani. "Mama mkurugenzi," akasema, "kuna ripoti moja ningependa tuisome tena, tukiwa tumeshiba."

24 Novemba
Nimemuuliza Ciro alijuaje la kuuliza. Alikuwa anamlisha mtoto uji.

"Nilijua unapika kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipoanza kunijibu."

"Na wewe kwa nini ulikuwa unakiulizia kila siku?"

Akafuta kidevu cha Pehuén kwa kidole gumba. "Nilikiacha kikiwa na mchanga. Nilikuwa naogopa mtu atakayenifuata. Halafu aliyenifuata akawa wewe."

Nikatoka nje, nikajifanya naanua nguo.

29 Novemba
Ripoti imefutwa. Bressan ameondolewa, watu wa wizara wanamhoji. Mama mkwe amepanda milimani na mbuzi wake, na alipoagana alinibusu paji la uso, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

4 Desemba
Watu wa bima wamekuja kupima kigutu cha Ciro. Walimuuliza anataka mkono wa rangi gani. Akasema wowote, bora uweze kubana nepi.

Mke wa Bressan alinisimamisha dukani. Aliniuliza kama nimemsamehe mumewe. Nikamwambia yeye mwenyewe hajaniomba. Akaniambia mimi ni mwanamke mgumu. Nina mtoto anayenyonya na mume niliyemlisha kwa kijiko miezi miwili, ugumu wangu umetokea mahali.

9 Desemba
Ciro hataki jina lake kwenye uzio. Anasema hakukifungua yeye, na desturi ni desturi. Nikaenda kwa Evaristo.

"Basi andika la mwenyewe," nikamwambia. "Alilitaka sana. Tumpe."

Evaristo alinitazama, kisha akaingia nyuma ya karakana akatoka na kitu kimefungwa gunia. Kile kiwiko. Alikuwa amekiokota kwenye vyuma chakavu mwaka jana, hakujua cha kukifanyia, hakuweza kukitupa. Upande mmoja chuma kina unene wa kidole, upande mwingine mchanga umekila mpaka kimekuwa chembamba kama kopo la samaki, na katikati kuna mpasuko. Alikitia moto, akakinyoosha kwa nyundo, akauacha mpasuko ulivyo. Juu yake akachomelea: G. BRESSAN, KWA MIKONO YOTE MIWILI.

11 Desemba
Limefungwa. Mkuu mpya wa uwanja alilisoma, akaniuliza ni nani aliyeruhusu. Nikamwambia desturi. Hajaling'oa.

Kumi na nne kimeanza kushuka, presha inakwenda chini taratibu. Nimepima, nimeandika nilichokiona, sikukibembeleza. Kisha nikawasha gari. Nilipofika kwenye uzio nikapunguza mwendo, kama alivyokuwa akipunguza Bressan, nikalisoma bamba mpaka mwisho.